Kupachika Nyuso

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Iko juu ya bati tangu saa nane,
na mimi nina wachumaji mia tatu na kumi na wawili
ndani ya folda moja, wote wameitazama simu ya Lusajo
kana kwamba simu itawauliza swali.

Meneja kasema: kila jina liwe na uso wake.
Mwaka jana kuna mtu alipokea malipo ya marehemu,
akasaini vizuri kuliko marehemu mwenyewe.
Basi jedwali lililozoea kilo za majani mabichi
sasa linataka macho.

Kwa mkono ningeweza.
Bofya, chagua, buruta, punguza, bofya.
Nilipofika wa kumi na tisa
kidole kikawa na hasira zake binafsi.
Ndipo nikaandika skripti.

Lugha yetu, ukiingia nayo kwenye kompyuta, ina mambo.
Kisanduku cha jedwali tunakiita seli.
Amri inayojirudia tunaiita kitanzi.
Kwa hiyo nilichofanya jioni ile, kwa maneno,
ni kuwapitisha wakulima wa Katumba kitanzini
na kumtia kila mmoja seli.
Nisamehewe.

Mara ya kwanza wote walirundikana seli ya juu,
uso juu ya uso,
na aliyefunika wenzake ni Anyisile, anacheka
kama mtu aliyewahi kiti msibani.
Nilisahau kuiambia amri ishuke mstari mmoja kila imalizapo.
Kompyuta haijui "si unaelewa tu."

Mara ya pili walikaa. Nikapumua.
Nikapanga majina kwa alfabeti:
majina yakahama, nyuso zikabaki.
Ambakisye akavaa hereni za Gwantwa.
Mzee Mwakalinga, miaka sabini na moja,
akawa na mtoto mgongoni.
Kumbe picha haimo ndani ya seli,
inaelea juu yake kama ukungu juu ya michai,
na ukungu haujui shamba ni la nani.
Nilikuwa nimemfunga mbuzi kwenye kivuli cha kigingi.
Nikaongeza neno moja: seli ikisogea, nawe sogea.

Saa mbili usiku umeme ulikatika, ukarudi.
Nikashuka polepole, mstari kwa mstari, nikiwasalimia.
Mstari wa 147 nikasimama.
Subilaga Mwandemele. Hana uso.
Mraba niliouamuru, sentimita mbili na nusu kila upande,
ulikuwa umekata kitu, sikujua nini.
Nikaifungua picha yenyewe.

Mikono miwili.
Weusi wa utomvu umeingia kwenye mistari ya viganja,
ukucha wa gumba la kulia umepasuka hadi kwenye nyama.
Vidole vinne vilikuwa vimebaki nje ya mraba wangu.

Lusajo, kwa simu: Alikataa kabisa, kaka.
Alisema uso wake haujawahi kuchuma hata jani moja.

Ningeweza kumtuma arudi akambembeleze.
Nikaandika *isipokuwa*.
Isipokuwa 147: usikate, tanua mstari,
acha vidole vyote viingie.
Amri ndefu kuliko zote nilizoandika,
na ya mtu mmoja.

Meneja aliliona karatasini.
Mbona hapa pamevimba?
Nikamwambia ndivyo alivyo.

Siku ya malipo Subilaga hakusema kitu dirishani.
Aliweka mikono juu ya ubao.
Keshia akatazama karatasi, akatazama mikono,
akarudi karatasini, akahesabu noti.
*Ndaga*, akasema mama, akazifunga kwenye pindo la kitenge,
kisha akainama kuitazama picha yake kwa mara ya kwanza.

Mwakani mpige nyingine.
Hii itakuwa imechakaa.

Picha au mikono, sikumuuliza.
Kwa Kiswahili zote mbili ni *hii*.